Kusoma Cheti cha Makaa ya Mawe kwa Ajili ya Oksidi za Nitrojeni: Mwongozo Kamili kwa Wahandisi wa Boila na Maofisa wa Mazingira

Shehena mpya ya makaa ya mawe inapowasili kiwandani, mhandisi wa zamu hutazama kwanza thamani ya joto, kisha majivu, kisha salfa, na mara nyingi huishia hapo. Mstari wa nitrojeni, ambao kwa kawaida huonyesha tarakimu ndogo kati ya asilimia 0.5 na 2, hupitwa kana kwamba hauna neno. Shehena hiyo inapofika kwenye vinu, kipimo cha dohani huanza kupanda ingawa hakuna aliyegusa kitu, na lawama zote huelekezwa kwenye vichomeo. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kusoma cheti cha maabara kabla makaa hayajaingia kwenye kinu, ili ujue ni kiasi gani cha oksidi za nitrojeni unachoweza kutarajia na ni hatua gani za kuchukua mapema.

Tangu mwanzo naomba msomaji ashike jambo moja. Tarakimu ya nitrojeni iliyo kwenye cheti ni dari tu, yaani inaonyesha kiasi cha juu kabisa ambacho makaa hayo yanaweza kuchangia. Ni sehemu gani ya dari hiyo itakayofikiwa ni suala la namna nitrojeni inavyotoka ndani ya chembe ya makaa, na kama oksijeni inakuwapo pale inapotokea. Kwa sababu hiyo makaa mawili yenye nitrojeni sawa huweza kutoa moshi wenye tofauti kubwa, na makaa yaleyale huweza kutoa majibu mawili tofauti katika matanuri mawili.

Oksidi hizi zinatoka wapi

Katika boila inayochoma makaa yaliyosagwa kuwa unga, takribani asilimia 95 ya oksidi za nitrojeni hutoka kama NO (oksidi ya nitriki), na sehemu kubwa ya kilichobaki ni NO2 (dioksidi ya nitrojeni). NO hiyo hugeuka kuwa NO2 ikishafika angani, huwasha mapafu ya watu, na hushiriki kutengeneza ozoni ya karibu na ardhi, mvua ya asidi na chembe laini za nitrati. Ndiyo maana vibali vingi huhesabu jumla yote kana kwamba ni NO2, na nasi tutafanya hivyo katika hesabu zetu.

Kuna njia tatu za kuzaliwa kwake. Ya kwanza ni ile iliyoelezwa na Yakov Zeldovich, mwanasayansi wa Kisovieti, mwaka 1946: nitrojeni ya hewa huvunjwa na joto kali, na njia hii huwa na uzito pale tu halijoto inapovuka takribani nyuzi 1,500 za Selsiasi. Ya pili, aliyoieleza Fenimore mwaka 1971, hutokea haraka kwenye ukingo wa mwali pale vipande vya hidrokaboni vinapogongana na nitrojeni ya hewa, na katika moto wa makaa ya mawe mchango wake ni mdogo. Ya tatu ni nitrojeni iliyomo ndani ya makaa yenyewe, ambayo katika boila za makaa ya unga huchangia takribani robo tatu ya jumla au zaidi.

Sababu ya njia ya tatu kutawala ni ya kikemia. Nitrojeni ya hewa imefungwa kwa kifungo cha mara tatu ambacho ni kigumu sana kukivunja. Nitrojeni ya makaa imekaa ndani ya pete za kaboni, nyingi katika pete za pembe tano za aina ya pirole na zilizobaki hasa katika pete za pembe sita za aina ya piridini, na vifungo vyake huachia kwa joto la chini zaidi. Chembe ya makaa inapoingia tanurini hupashwa moto kwa kasi ya maelfu ya nyuzi kwa sekunde. Sehemu ya nitrojeni hutoka pamoja na lami na gesi, kisha hugeuka kuwa sianidi ya hidrojeni (HCN) na amonia (NH3). Sehemu nyingine hubaki ndani ya kaboni ngumu, ambayo hapa nitaiita chenga, na hutoka polepole kadiri chenga inavyoungua.

HCN na NH3 zikishatoka, zina milango miwili mbele yao. Zikikutana na oksijeni ya kutosha huwa NO. Zikikutana na NO mahali penye uhaba wa oksijeni hugeuka kuwa nitrojeni ya kawaida, N2, isiyo na madhara. Ufundi wote wa vichomeo vya kisasa unahusu kuufunga mlango wa kwanza na kuuacha wa pili wazi. Nitrojeni iliyobaki kwenye chenga haina milango hiyo: hutoka imechelewa, tayari hewa imeshachanganyika, na kinachoipunguza ni ukweli kwamba sehemu ya NO inayozaliwa ndani ya vinyweleo vya chenga huvunjwa na kaboni ileile kabla haijatoka nje.

Hatua ya kwanza: hakikisha msingi wa kila tarakimu

Kabla ya hesabu yoyote, angalia kila tarakimu ya cheti imetolewa kwa msingi gani. Maabara hutumia misingi mitatu au minne: makaa kama yalivyopokelewa, makaa yaliyokaushwa kwa hewa, makaa makavu kabisa, na makaa pasipo unyevu wala majivu. Ni jambo la kawaida kukuta nitrojeni imeandikwa kwa msingi wa makaa yaliyokaushwa kwa hewa, na thamani ya joto kwa msingi wa makaa kama yalivyopokelewa, kwenye ukurasa huohuo.

Chukua mfano wa makaa yenye unyevu wa asilimia 26 yanapopokelewa, na asilimia 12 baada ya kukaushwa kwa hewa. Nitrojeni ya asilimia 0.80 kwa msingi wa kwanza huonekana kuwa asilimia 0.95 kwa msingi wa pili, kwa kuwa 0.80 huzidishwa kwa 88 na kugawanywa kwa 74. Mtu akichukua 0.95 akaigawanya kwa thamani ya joto ya makaa yenye unyevu wote, atakuwa amekosea kwa karibu asilimia 19 kabla hata hajaanza kazi. Badilisha tarakimu zote ziwe kwa msingi wa makaa kama yalivyopokelewa, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoingia kwenye kinu.

Angalia pia njia ya upimaji. Nitrojeni hupimwa kwa mashine inayochoma sampuli ndogo, na viwango vinavyotumika sana ni ASTM D5373 na ISO 29541. Sampuli hiyo ndogo inatakiwa kuwakilisha maelfu ya tani, kwa hiyo ubora wa uchukuaji wa sampuli bandarini au mgodini una uzito kuliko usahihi wa mashine. Kama cheti hakina nitrojeni kabisa, jambo ambalo hutokea kwa wauzaji wadogo, idai. Usikubali kuikadiria kwa kutazama rangi au jina la mgodi.

Hatua ya pili: kokotoa dari kwa kila megajuli

Boila inahitaji joto, haihitaji kilo. Makaa yenye thamani ndogo ya joto huchomwa kwa wingi zaidi ili kupata mvuke uleule, kwa hiyo asilimia ya nitrojeni pekee haitoshi kulinganisha. Gawanya gramu za nitrojeni kwa kilo moja ya makaa kwa thamani halisi ya joto, kisha zidisha kwa 46 na kugawanya kwa 14, yaani kwa 3.29, ili kupata gramu za NO2 kwa kila megajuli iwapo nitrojeni yote ingegeuka. Kwa kuwa makaa ya mawe hutoa takribani mita za ujazo 0.35 za moshi mkavu kwa kila megajuli, kwa hali ya kawaida na oksijeni ya asilimia 6, gawanya jibu kwa 0.35, kisha zidisha kwa 1,000, upate miligramu kwa mita ya ujazo.

Tufanye mfano wa kuhesabia. Makaa A yana unyevu asilimia 6, majivu 20, sehemu tete (inayotoka kama gesi na lami makaa yanapopashwa moto) 24, kaboni imara (inayobaki baada ya hapo, pasipo majivu) 50, nitrojeni 1.4, na thamani ya joto megajuli 23.5 kwa kilo. Makaa B yana unyevu asilimia 26, majivu 6, sehemu tete 34, kaboni imara 34, nitrojeni 0.8, na megajuli 19.5 kwa kilo. A yana gramu 0.596 za nitrojeni kwa megajuli, na dari yake ni takribani miligramu 5,600 kwa mita ya ujazo. B yana gramu 0.410, na dari yake ni takribani miligramu 3,850.

Tarakimu hizo zisikutishe. Hakuna tanuri linalofikia dari. Katika moto wa zamani usiogawanya hewa, ugeukaji wa nitrojeni ya makaa kuwa NO huwa kati ya asilimia 20 na 40 hivi, na katika tanuri lililopangwa vizuri hushuka chini ya hapo. Lakini tayari tumeona kwamba makaa ambayo kwa asilimia yana nitrojeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 40, yaani 0.8 dhidi ya 1.4, yanapunguza dari kwa chini ya theluthi moja tu pale joto linapoingizwa katika hesabu.

Hatua ya tatu: gawanya nitrojeni kati ya gesi na chenga

Hapa ndipo muundo wa makaa unapozungumza. Chukua kaboni imara uigawanye kwa sehemu tete. Jibu, ambalo wahandisi huliita uwiano wa mafuta, ni zaidi ya 2 kidogo kwa makaa A na ni 1 kamili kwa makaa B. Kadiri uwiano unavyokuwa mdogo ndivyo nitrojeni nyingi inavyotoka mapema pamoja na gesi, mahali ambapo kichomeo kinaweza kuitawala. Kadiri unavyokuwa mkubwa ndivyo nitrojeni nyingi inavyobaki kwenye chenga, ambako mkono wa mhandisi haufiki kwa urahisi.

Kumbuka kwamba sehemu tete ya kwenye cheti hupimwa kwa kupasha sampuli hadi nyuzi 900 au 950 kwa dakika 7. Tanuri halisi hupasha chembe kwa kasi kubwa mno na kwa halijoto ya juu zaidi, kwa hiyo gesi inayotoka tanurini huzidi ile ya maabara, na nitrojeni inayotoka nayo huzidi pia. Uwiano wa mafuta ni kigezo cha kulinganisha makaa na makaa. Usiutumie kama kipimo cha kiasi halisi cha gesi.

Umri wa makaa nao unaongeza habari. Makaa machanga, kama ligniti na yale ya daraja linaloifuata, huelekea kutoa amonia kwa wingi zaidi, na makaa yaliyokomaa zaidi huelekea kutoa HCN. Tofauti hii haibadilishi sana hesabu ya boila ya makaa ya unga, lakini katika tanuri la mchanga unaoelea huwa ndiyo kiini cha habari, kama tutakavyoona.

Jambo jingine ambalo cheti cha kawaida hakionyeshi ni aina ya mabaki ya mimea yaliyounda makaa. Makaa ya kusini mwa Afrika, yaliyotokana na mabonde ya Karoo, yana wingi wa inatiniti, yaani mabaki ya mimea yaliyooza au kuungua kabla ya kuzikwa, na sehemu hiyo huungua taratibu kuliko vitriniti, yaani mabaki ya miti yaliyozikwa bila kuungua, iliyotawala katika makaa mengi ya Ulaya na Marekani. Kwa hiyo makaa ya nyanda za juu za Mpumalanga, Afrika Kusini, huhitaji muda mrefu zaidi tanurini ili chenga iishe, na muda huo ndio unaogombewa unapotaka kuchelewesha hewa ili kupunguza NO. Ukiwa na uwezo wa kuomba uchambuzi wa petrografia, yaani wa kutazama sehemu hizo kwa hadubini, uombe, hasa kwa makaa ya Karoo.

Hatua ya nne: oanisha makaa na tanuri lako

Hatua hii ndiyo inayopuuzwa zaidi, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote, kwa sababu kanuni inayoaminika katika tanuri moja hugeuka kinyume katika jingine.

Anza na vichomeo vya zamani vyenye mchanganyiko mkali, ambapo hewa yote huingia pamoja na unga wa makaa. Hapo makaa yenye sehemu tete nyingi huweza kutoa NO nyingi zaidi, kwa kuwa HCN na NH3 hutokea katikati ya oksijeni tele na kupitia mlango wa kwanza. Sasa weka vichomeo vinavyogawanya hewa, pamoja na matundu ya hewa ya juu ya moto. Eneo la kwanza hupewa hewa takribani asilimia 80 ya ile inayohitajika kwa uunguaji kamili, na iliyobaki huingia juu zaidi. Makaa yaleyale yenye sehemu tete nyingi huwa ndiyo yenye NO ndogo, kwa kuwa gesi zake hutoka zote mahali penye njaa ya oksijeni. Kugawanya hewa kwa vichomeo peke yake huweza kupunguza NO kwa asilimia 30 hadi 50 au zaidi kidogo, na makaa yenye uwiano mdogo wa mafuta hufika upande wa juu wa kipimo hicho.

Usidhani kwamba kupunguza hewa zaidi na zaidi kunaendelea kusaidia. Eneo la kwanza likishuka sana, chini ya asilimia 70 hivi, HCN hujikusanya bila kuvunjika, na hewa ya juu inapoingia huigeuza kuwa NO kwa mara moja. Wakati huohuo kuta za tanuri zinaliwa na gesi zenye salfa zisizo na oksijeni.

Historia ya Marekani inaonyesha nguvu ya uoanishaji huu. Baada ya marekebisho ya Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1990, vituo vingi vya umeme vilihamia makaa ya bonde la Powder River, Wyoming, ili kupunguza salfa. Makaa hayo ni machanga, yana unyevu mwingi, sehemu tete nyingi na nitrojeni kidogo, na vituo vilivyokuwa na vichomeo vinavyogawanya hewa vikajikuta vimepunguza pia oksidi za nitrojeni.

Upande wa pili kabisa ni antrasiti, makaa yaliyokomaa mno yenye sehemu tete chini ya asilimia 10, kama yanayochimbwa Quảng Ninh nchini Vietnam na katika baadhi ya maeneo ya Shanxi nchini China. Antrasiti haishiki moto kwa urahisi, kwa hiyo huchomwa katika matanuri ambayo mwali wake huelekezwa chini kisha hupanda, ukichora umbo la herufi W. Matanuri hayo hutunza joto kali ili moto usizimike, na nitrojeni karibu yote hutoka na chenga. Watunga sheria wenyewe wamelikubali jambo hili. Mwongozo wa Benki ya Dunia na IFC, tawi lake linalofadhili sekta binafsi, wa mwaka 2008 kwa vituo vikubwa vya mafuta magumu uliweka miligramu 510 kwa mita ya ujazo katika maeneo ambayo hewa yake haijaharibika, lakini ukaruhusu hadi 1,100 pale sehemu tete ya makaa inapokuwa chini ya asilimia 10. China nayo, katika kiwango chake cha mwaka 2011, iliweka miligramu 100 kwa boila za kawaida na 200 kwa zile za mwali wa W.

Tanuri la mchanga unaoelea, ambamo makaa huungua ndani ya mchanga unaoinuliwa na hewa, hufanya kazi kwa nyuzi 800 hadi 900 tu, na njia ya Zeldovich haina nafasi humo. NO yake ni ndogo tangu mwanzo, na inatokana na nitrojeni ya makaa pekee. Humo makaa yenye sehemu tete nyingi huelekea kutoa NO zaidi, kwa sababu kuna chenga chache za kuivunja na amonia nyingi ya kuizalisha, na makaa yaliyokomaa huelekea kutoa NO kidogo lakini N2O (oksidi ya nitrasi) nyingi, gesi ambayo haimo katika hesabu ya kibali chako ingawa hupasha dunia joto kwa nguvu sana. Mawe ya chokaa yanayowekwa kukamata salfa huongeza NO pia, hivyo usiongeze chokaa kuliko salfa inavyodai.

Mwisho ni viwanda vya saruji, ambavyo kwa msomaji wa Tanzania vina uzito wa pekee kwa kuwa makaa ya Ngaka, wilayani Mbinga, hutumika humo. Katika tanuri kuu linalozunguka, klinka, yaani mawe yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji, hufikia nyuzi 1,450 hivi na mwali hukaribia 2,000. Hapo nitrojeni ya hewa ndiyo inayotawala, na kubishania nitrojeni ya makaa kwa desimali mbili ni kupoteza muda: dhibiti urefu wa mwali na hewa ya ziada. Katika kikalsinishaji, chumba ambamo mawe ya chokaa huvunjwa kwa joto kabla ya kuingia tanuri kuu na ambako halijoto ni nyuzi 850 hadi 900, mambo hugeuka, na hapo nitrojeni ya makaa na sehemu tete yake huamua. Kwa hiyo kiwanda chenye aina mbili za makaa kinafaidika kwa kupeleka yenye sehemu tete nyingi kwenye kikalsinishaji kilichogawanywa hewa.

Hatua ya tano: pima uzito wa unyevu na madini

Unyevu hupoza mwali na kupunguza mchango wa nitrojeni ya hewa, lakini pia huongeza hewa inayohitajika kukausha makaa kwenye kinu, na hewa hiyo huingia kichomeoni kama hewa ya kwanza. Ikizidi, inavuruga mgawanyo uliopanga. Majivu hupunguza halijoto kidogo, na baadhi ya madini yake, hasa chuma na kalsiamu, huchochea uvunjaji wa HCN na NO kuwa nitrojeni ya kawaida. Athari hizi ni halisi, ila ni ndogo kuliko za hatua ya tatu na ya nne, na sishauri zitumike kuchagua makaa.

Hatua ya sita: fanya jaribio la kuchoma

Hesabu zote hapo juu hukupa matarajio, na jaribio hukupa ukweli. Panga siku ambayo mzigo wa boila utakaa mahali pamoja kwa saa kadhaa. Weka vinu vilevile, mgawanyo uleule wa hewa, na oksijeni ileile ya kutokea tanurini. Kumbuka kwamba makaa mapya huchukua saa kadhaa kushuka ndani ya bohari kabla hayajafika kwenye kinu, na kosa la kawaida ni kuanza kuandika vipimo wakati makaa ya jana bado yanaungua. Chukua sampuli kwenye mlisho wa kinu kila saa, wala usitegemee sampuli ya bandarini.

Angalia usagaji. Makaa yaliyokomaa yanatakiwa kusagwa laini zaidi, na kwa makaa ya kawaida ya lami lengo ni takribani asilimia 70 hadi 75 kupita tundu la mikroni 75. Unga mkubwa huchelewesha kutoka kwa gesi, hupeleka nitrojeni kwenye eneo lenye hewa, na huongeza kaboni isiyoungua, kwa hiyo mhandisi anaweza kuyalaumu makaa kwa kosa la kinu.

Kwenye dohani, badilisha kipimo kiwe katika hali inayolinganishika. Sehemu moja kwa milioni ya oksidi za nitrojeni ni sawa na miligramu 2.05 kwa mita ya ujazo zikihesabiwa kama NO2. Tuseme kipimo cha moshi mkavu ni 320 kwa milioni pamoja na oksijeni ya asilimia 4.5. Hiyo ni miligramu 656. Zidisha kwa 15, ambayo ni 21 kutoa 6, na kugawanya kwa 16.5, ambayo ni 21 kutoa 4.5, upate takribani 596. Kama ulichoma makaa A, ugeukaji wa jumla ni 596 kugawanya kwa 5,600, yaani karibu asilimia 11. Andika tarakimu hii kwa kila aina ya makaa. Ndani yake imo pia NO ya hewa, kwa hiyo si ugeukaji halisi wa nitrojeni ya makaa, lakini kwa boila ileile ni kigezo kizuri kuliko kipimo cha dohani peke yake.

Tahadhari na oksijeni ya kurejelea. Umoja wa Ulaya hutumia asilimia 6 kwa makaa, Afrika Kusini hutumia 10. Kiwango cha Afrika Kusini cha miligramu 750 kwa mitambo mipya ni sawa na takribani 1,020 kwa oksijeni ya asilimia 6. Anayelinganisha tarakimu hizo mbili zilivyo atatoa hukumu isiyo ya haki kwa upande wowote.

Pamoja na NO, pima monoksidi ya kaboni na kaboni iliyobaki kwenye majivu ya kuruka. Kupungua kwa NO kunakoambatana na majivu meusi ni deni linalolipwa kwa njia nyingine, kwa makaa yasiyoungua na kwa majivu ambayo viwanda vya saruji na zege havitayapokea. Makaa yenye uwiano mkubwa wa mafuta hufikia deni hilo mapema.

Hatua ya saba: changanya kwa uangalifu

Nitrojeni ya mchanganyiko huhesabika kwa wastani, lakini tabia yake haifuati wastani. Makaa yenye sehemu tete nyingi hushika moto kwanza na kula oksijeni ya karibu, na yale magumu huungua baadaye kwa hewa iliyobaki. Aidha, makaa laini na magumu yakisagwa katika kinu kimoja, yale magumu hutoka yakiwa punje kubwa. Pale vinu vinaporuhusu, saga kila aina kwenye kinu chake, kisha peleka makaa yenye uwiano mkubwa wa mafuta kwenye vichomeo vya chini ili yapate muda mrefu zaidi tanurini. Fanya jaribio upya kwa kila badiliko la mchanganyiko linalozidi sehemu moja ya kumi.

Hatua ya nane: tazama vifaa vya baada ya moto

Kama kituo kina kichocheo kinachotumia amonia kwa nyuzi 300 hadi 400, kifaa ambacho huondoa asilimia 80 hadi 90 ya NO, basi cheti kisomwe kwa jicho jingine tena. Salfa nyingi pamoja na amonia iliyovuja huunda bisalfati ya amonia, uji unaonata kwenye kipasha hewa. Aseniki huingia kwenye vinyweleo vya kichocheo na kukiua, hasa kwa makaa yenye kalsiamu kidogo, kwa kuwa kalsiamu ndiyo inayoikamata aseniki ndani ya majivu. Kalsiamu ikizidi, kama katika makaa ya Powder River, hufunika uso wa kichocheo kwa tabaka la salfati. Unapobadili makaa kwa sababu ya nitrojeni, hakikisha hukununua tatizo la aseniki au kalsiamu.

Hatua ya tisa: andika haya kwenye mkataba wa ununuzi

Mikataba mingi ya makaa hutaja thamani ya joto, unyevu, majivu na salfa, na kuinyamazia nitrojeni. Ongeza vifungu vitatu. Kifungu cha kwanza kitaje kikomo cha gramu za nitrojeni kwa kila megajuli, kwa msingi wa makaa kama yalivyopokelewa, kwa kuwa asilimia tupu humruhusu muuzaji kuchagua msingi unaompendeza. Cha pili kitaje kiwango cha chini na cha juu cha uwiano wa mafuta, kulingana na majaribio uliyofanya kwenye tanuri lako. Cha tatu kitaje nani anachukua sampuli, wapi, na ni maabara ipi huru itakayoamua pale pande mbili zinapotofautiana. Ofisa wa mazingira apewe nakala ya kila cheti siku ile makaa yanapopokelewa, ili siku kipimo cha dohani kitakapopanda awe na jambo la kuanzia kulichunguza kabla ya mtu yeyote kufungua kichomeo.